Seva ya Nyumbani ya Kupakua na Kugawana Faili: Mwongozo Kamili Unaoanza na Ruhusa

Wengi wanaoshindwa kujenga seva ya nyumbani hukwama mahali pamoja. Programu zote zimesakinishwa, faili imepakuliwa hadi mwisho, na folda inaonekana kwenye kompyuta nyingine. Lakini anayejaribu kuifungua faili hiyo, kuihamisha au kuifuta huambiwa kwamba hana ruhusa. Hapo huanza kuhangaika na mipangilio ya mtandao na kusakinisha upya kila kitu, ilhali kosa lilifanyika mapema zaidi, kwenye umiliki wa folda.

Kwenye seva ya aina hii folda moja hutumiwa na pande tatu: wewe uliyeingia kwa jina lako, programu ya kupakua inayotumia jina lake, na programu ya kugawana faili inayowawakilisha watu wa nyumbani. Pande hizo zisipowekwa katika kikundi kimoja tangu mwanzo, kila moja itaunda faili ambazo nyingine haziwezi kuzigusa. Kwa hiyo mpangilio wa hatua hapa si wa hiari: diski kwanza, kisha kikundi na ruhusa, ndipo huduma zifuate.

## Mahitaji

- Kompyuta ya 64-bit isiyotumika, yenye RAM ya GB 2 au zaidi. Kompyuta mpakato inafaa sana, kwa sababu betri yake huiweka hai umeme unapokatika ghafla. Betri ikiwa imevimba, iondoe kabla ya kufanya jambo lolote jingine, kwani inaweza kushika moto.
- Diski ya kuhifadhia faili, tofauti na diski yenye mfumo endeshi.
- Diski ya pili kwa ajili ya nakala rudufu. Usiihesabu kuwa anasa.
- Kebo ya mtandao ya Cat5e au bora zaidi.
- Flashi ya GB 2 au zaidi ya kusakinishia mfumo.
- Nenosiri la kuingilia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta.

Kuhusu kebo, wengi huona Wi-Fi inatosha kisha wakalalamika kwamba seva ni nzito. Kebo nzima kwenye ruta ya gigabiti hupitisha takriban MB 110 kwa sekunde, kwa hiyo faili ya GB 4 hufika kwa chini ya dakika moja. Jozi moja kati ya jozi nne za nyaya ikikatika, kasi inaweza kushuka hadi megabiti 100, yaani takriban MB 11 kwa sekunde, na faili ileile huchukua dakika sita. Ukiona kasi hiyo ya pili, badilisha kebo kabla ya kuilaumu kompyuta.

## Hatua ya 1: Sakinisha Debian bila mazingira ya picha

Ninapendekeza Debian, mfumo endeshi wa Linux, kwa sababu huduma zote tunazohitaji zimo kwenye hazina yake ya programu na hupata marekebisho ya usalama kwa miaka kadhaa. Toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, halina tena kisakinishi cha kompyuta za 32-bit, ndiyo maana sharti la 64-bit limewekwa hapo juu.

Pakua kisakinishi kidogo kutoka kwenye tovuti ya Debian, kiandike kwenye flashi kwa programu kama Rufus, kisha uiwashe kompyuta kwa flashi hiyo. Chomoa diski ya kuhifadhia kabla ya kuanza. Kisakinishi hufuta diski unayoichagua, na majina ya diski mbili zilizokaa pamoja ni rahisi kuyachanganya.

Mambo mawili yanahitaji uangalifu. Unapoulizwa nenosiri la root, yaani akaunti yenye mamlaka yote, liache tupu, kwa sababu mtumiaji wa kwanza utakayemuunda atapewa moja kwa moja uwezo wa `sudo`, yaani wa kutoa amri kwa mamlaka ya root. Katika mwongozo huu tutamwita mtumiaji huyo `mkuu`. Kisha, kwenye orodha ya vifurushi, ondoa alama kwenye mazingira yote ya picha na uache seva ya SSH (ya kuiingia kompyuta kwa amri kupitia mtandao) pamoja na zana za kawaida za mfumo.

Umefanikiwa ikiwa kompyuta inawaka na kuonyesha mstari mweusi wa kuingilia, nawe unaweza kuiingia kutoka kompyuta nyingine kwa amri hii, ukiweka anwani uliyoiona baada ya kuandika `ip a` kwenye seva:

    ssh mkuu@192.168.1.50

Kuanzia hapa seva haihitaji tena skrini wala kibodi.

## Hatua ya 2: Ipe seva anwani isiyobadilika na uizuie isilale

Ruta hugawa anwani kwa muda, na muda ukiisha seva inaweza kupewa nyingine. Siku hiyo kompyuta zote za nyumbani zitaacha kuiona. Fungua ukurasa wa ruta, tafuta sehemu ya DHCP, kisha uitengee seva anwani moja ya kudumu kwa kutumia nambari yake ya MAC, yaani kitambulisho cha kadi yake ya mtandao. Kufanya hivi kwenye ruta ni salama kuliko kuiandika anwani kwenye seva yenyewe, kwa kuwa ruta haitampa mtu mwingine anwani iliyokwisha kuitenga. Mifano yote hapa inatumia 192.168.1.50, weka yako.

Kisha zuia usingizi:

    sudo systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target

Kwa kompyuta mpakato, fungua pia `/etc/systemd/logind.conf`, andika `HandleLidSwitch=ignore`, halafu uwashe kompyuta upya. Funga kifuniko na usubiri dakika kumi: ikiwa bado unaweza kuingia kwa SSH kwenye anwani ileile, endelea.

## Hatua ya 3: Andaa diski ya kuhifadhia

Sasa chomeka diski na uitambue:

    lsblk

Tofautisha diski kwa ukubwa wake, si kwa kubahatisha. Tuchukulie kwamba yako ni `sdb` na sehemu yake ni `sdb1`. Kabla ya kuiamini, ikague afya:

    sudo apt install smartmontools
    sudo smartctl -a /dev/sdb

Kwenye diski za sahani (HDD), tazama mistari ya `Reallocated_Sector_Ct` na `Current_Pending_Sector`. Namba ya mwisho kwenye mstari ikiwa si sifuri, diski imeanza kuharibika, nayo haifai kuwa mahali pekee pa kuwekea picha za familia. Ikiwa diski ya USB haitoi jibu lolote, rudia amri ukiongeza `-d sat`.

Kisha iumbize kwa ext4, mpangilio wa faili wa Linux:

    sudo mkfs.ext4 -m 1 -L hazina /dev/sdb1

Amri hii hufuta kila kilichomo. Wengi hujaribu kuikwepa kwa kuiacha diski na exFAT iliyokuja nayo dukani, na huo ndio mwanzo wa matatizo ya ruhusa, kwa sababu exFAT haihifadhi kabisa umiliki wa faili kwa namna Linux inavyoutaka. Utabadilisha ruhusa na hazitabadilika. Kipande cha `-m 1` nacho kina maana yake. Kwa kawaida ext4 hutenga asilimia 5 ya diski kwa ajili ya root, na kwenye diski ya TB 4 hiyo ni GB 200 ambazo watu wa nyumbani hawatazitumia kamwe.

Tengeneza mahali pa kuipachika, yaani folda ambamo yaliyomo kwenye diski yataonekana, kisha upafunge:

    sudo mkdir /srv/hazina
    sudo chattr +i /srv/hazina

Naomba usiiruke amri ya pili. Diski isipopachikwa siku moja, labda kwa sababu kebo ya USB imelegea, folda `/srv/hazina` bado itakuwepo, ila sasa itakuwa kwenye diski ndogo ya mfumo. Programu ya kupakua itaendelea kuandika humo bila kujua, diski ya mfumo itajaa, na huduma zitaanza kuanguka moja baada ya nyingine bila sababu inayoonekana. Alama hiyo huifanya folda tupu isiandikike hata na root, lakini haizuii diski kupachikwa juu yake.

Pata kitambulisho cha diski kwa `sudo blkid /dev/sdb1`, kisha uongeze mstari huu mmoja mwishoni mwa `/etc/fstab`, orodha ya diski zinazopachikwa seva inapowaka, ukiweka kitambulisho chako:

    UUID=kitambulisho-chako /srv/hazina ext4 defaults,nofail 0 2

Tunatumia UUID kwa sababu jina `sdb` linaweza kugeuka `sdc` ukichomeka kifaa kingine. Neno `nofail` huiruhusu seva kuwaka hata diski ikikosekana; bila neno hilo seva hukwama ikisubiri mtu aje na kibodi.

    sudo systemctl daemon-reload
    sudo mount -a
    findmnt /srv/hazina

Amri ya mwisho ikikuonyesha `/dev/sdb1` na `ext4`, umefanikiwa. Iwashe seva upya na uhakiki tena. Mstari wa fstab uliojaribiwa mara moja tu bila kuwasha upya bado haujajaribiwa.

## Hatua ya 4: Kikundi kimoja, ruhusa moja

Hii ndiyo hatua inayorukwa. Isome polepole.

    sudo groupadd familia
    sudo usermod -aG familia mkuu

Usisahau herufi `a` kwenye `-aG`. Ukiandika `-G` peke yake, mtumiaji ataondolewa kwenye vikundi vyake vingine vyote, pamoja na kile cha `sudo`, nawe utakuwa umejifungia nje ya usimamizi wa seva yako mwenyewe.

Sasa tengeneza folda tatu: moja ya faili ambazo bado zinashuka, moja ya zilizokamilika, na moja ya nyaraka za nyumbani.

    cd /srv/hazina
    sudo mkdir zinashuka tayari nyaraka
    sudo chgrp familia zinashuka tayari nyaraka
    sudo chmod 2770 zinashuka tayari nyaraka

Namba 770 inasema kwamba mwenye folda na wanakikundi wana ruhusa zote, na wengine hawana hata moja. Tarakimu 2 iliyotangulia ndiyo yenye kazi kubwa: inaagiza kwamba kila kitu kitakachoundwa ndani ya folda kirithi kikundi cha folda, yaani `familia`, badala ya kikundi cha aliyekiunda. Bila tarakimu hiyo, faili ya kwanza itakayopakuliwa itakuwa mali ya programu ya kupakua peke yake.

Toka kwenye SSH na uingie upya, kwa kuwa uanachama mpya wa kikundi haufanyi kazi mpaka uingie tena, kisha ujaribu:

    touch /srv/hazina/tayari/jaribio
    ls -l /srv/hazina /srv/hazina/tayari

Folda zako tatu zionyeshe `drwxrws---`, na herufi `s` iwepo pale katikati. Faili ya jaribio ionyeshe kikundi `familia`. Ikionyesha `mkuu mkuu`, tarakimu 2 haikukaa, rudia `chmod`. Usisonge mbele kabla ya kuona hayo.

## Hatua ya 5: Samba, ili kompyuta na simu zione faili

    sudo apt install samba
    sudo smbpasswd -a mkuu

Samba ina orodha yake ya manenosiri, tofauti na ile ya mfumo, kwa hiyo nenosiri la SSH halitakubaliwa mpaka uandike amri hiyo ya pili. Kila mtu mwingine wa nyumbani muundie jina lisiloweza kuingia kwenye seva kwa njia nyingine:

    sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin -G familia dada
    sudo smbpasswd -a dada

Fungua `/etc/samba/smb.conf` na uongeze mwishoni:

    [hazina]
       path = /srv/hazina
       valid users = @familia
       read only = no
       force group = familia
       create mask = 0660
       directory mask = 2770

Andika `testparm` ili ukague makosa ya tahajia, kisha `sudo systemctl restart smbd`. Kwenye Windows andika `\\192.168.1.50\hazina` katika mstari wa anwani wa dirisha la faili. Kwenye Mac na Linux, `smb://192.168.1.50/hazina`. Kwenye simu, programu nyingi za kusimamia faili hukubali anwani ya SMB, itifaki ambayo Samba huitumia.

Windows ikikukataa ingawa nenosiri ni sahihi, mara nyingi imetuma jina la akaunti yake badala ya `mkuu`. Chagua kutumia akaunti nyingine na uliandike jina mwenyewe.

Kifaa cha zamani kinaweza kudai SMB1, toleo la kale la itifaki hiyo, na utakuta ushauri wa kuiwasha kwa mstari mmoja tu. Usiiwashe. Kirusi cha WannaCry kilichozifunga kompyuta duniani kote Mei 2017 kilienea kupitia udhaifu wa itifaki hiyo kwenye Windows, na Samba yenyewe imeizima kwa chaguo-msingi tangu 2019. Kifaa kisichoweza zaidi ya SMB1 kiachwe nje ya seva yako.

Mafanikio hapa yana sehemu mbili: uweze kuandika faili mpya ndani ya `nyaraka` kutoka kompyuta nyingine, na uweze kuifuta ile `jaribio` iliyomo ndani ya `tayari`.

## Hatua ya 6: Transmission, programu ya kupakua

    sudo apt install transmission-daemon
    sudo usermod -aG familia debian-transmission
    sudo systemctl stop transmission-daemon

Amri ya kusimamisha huduma ni ya lazima. Transmission huandika upya faili yake ya mipangilio inapozimwa, kwa hiyo ukiihariri ikiwa inafanya kazi, mabadiliko yako yote yatafutika dakika utakapoiwasha upya. Sijui kosa jingine linalopoteza saa nyingi za watu kwa sababu ndogo kiasi hiki.

Fungua `/etc/transmission-daemon/settings.json` na uitafute mistari ifuatayo moja baada ya nyingine:

    "download-dir": "/srv/hazina/tayari",
    "incomplete-dir": "/srv/hazina/zinashuka",
    "incomplete-dir-enabled": true,
    "rpc-authentication-required": true,
    "rpc-username": "mkuu",
    "rpc-password": "nenosiri-refu",
    "rpc-whitelist": "127.0.0.1,192.168.1.*",
    "speed-limit-up": 1000,
    "speed-limit-up-enabled": true,
    "umask": 7,

Usirudie mstari uliokwisha kuwepo; ubadilishe thamani yake tu. Chunga koma: kila mstari huishia na koma isipokuwa wa mwisho kabisa kabla ya mabano kufungwa.

Mistari miwili inahitaji maelezo. `umask` huamua ruhusa ambazo faili mpya zitanyimwa. 7 inawanyima watu wa nje kila kitu na kuwaachia wanakikundi ruhusa zote, sawasawa na 2770 ya Hatua ya 4. Ukikuta thamani iliyomo imewekwa ndani ya alama za nukuu, andika `"007"`. Thamani iliyokuja na programu huwanyima wanakikundi ruhusa ya kuandika, na ndiyo inayozaa lile lalamiko la faili inayofunguka lakini haifutiki.

`speed-limit-up` hupimwa kwa kilobaiti kwa sekunde. Torenti, yaani upakuaji ambao kompyuta hupeana vipande vya faili, hupandisha data huku ikishusha, na ikimaliza uwezo wote wa kupandisha wa intaneti yako, hata kufungua kurasa kutakuwa kazi kwa nyumba nzima. Weka takriban asilimia 80: intaneti inayopandisha megabiti 10 hubeba kilobaiti 1250, hivyo 1000 inafaa.

    sudo systemctl start transmission-daemon

Fungua `http://192.168.1.50:9091` kwenye kivinjari. Ukirudi kuitazama faili ya mipangilio utaona nenosiri lako limegeuzwa mfululizo wa herufi unaoanza na alama `{`; ndivyo inavyotakiwa.

Kwa jaribio, tumia torenti ya Debian yenyewe, ambayo ni halali na hushuka kwa kasi nzuri. Jambo la uhalali si dogo: anayepakua kwa torenti husambaza pia, kwa hiyo anayechukua kazi ya mtu bila idhini huwa ameigawa kwa wengine. Yapo mengi yaliyo huru kabisa: mifumo ya Linux, ensaiklopidia nzima za Kiwix za kusomwa bila intaneti, na mikusanyo ya Internet Archive.

Upakuaji ukikamilika, nenda kwenye kompyuta nyingine, ifungue folda `tayari` kupitia Samba, ibadilishe jina faili iliyoshuka, kisha uifute. Vyote viwili vikikubali, zile pande tatu zimepatana.

## Ruhusa zikigoma

Usikimbilie `chmod 777`. Itanyamazisha kosa leo, na faili ya kesho itakuja na kosa lilelile, kwa kuwa chanzo hakijaguswa. Tumia amri hii, inayoonyesha mmiliki na ruhusa za kila ngazi ya njia, kuanzia juu kabisa hadi kwenye faili:

    sudo namei -l /srv/hazina/tayari/jina-la-faili

Tafuta ngazi ya kwanza, chini ya `hazina`, ambayo kikundi chake si `familia`, au isiyo na `rw` kwa kikundi. Mara nyingi ni faili zilizohamishiwa humo kutoka diski ya zamani, au ulizoziunda mwenyewe kupitia SSH. Hizo zirekebishe mara moja:

    sudo chgrp -R familia /srv/hazina/tayari
    sudo chmod -R g+rwX /srv/hazina/tayari

Herufi `X` kubwa huzipa folda ruhusa ya kuingiwa bila kuzigeuza faili za kawaida kuwa programu. Ikiwa Transmission pekee ndiyo inayolalamika, iwashe upya. Huduma iliyowaka kabla ya kuongezwa kwenye kikundi haijui kwamba imeongezwa.

## Hatua ya 7: Kuifikia ukiwa nje ya nyumba

Usifungue poti 445 (ya Samba) wala 9091 (ya Transmission) kwenye ruta. Mashine zinazosaka poti hizo kwenye intaneti hazipumziki, na huduma hizi mbili zilikusudiwa kutumika ndani. Tumia njia fiche (VPN) ya WireGuard, au Tailscale iliyojengwa juu yake. Tazama kwanza anwani ya nje iliyoonyeshwa kwenye ruta: ikiwa iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kufungua poti hakutasaidia kitu, na Tailscale ndiyo njia nyepesi iliyobaki.

## Hatua ya 8: Masasisho na nakala rudufu

Masasisho ya usalama yaache yajiendeshe:

    sudo apt install unattended-upgrades rsync
    sudo dpkg-reconfigure unattended-upgrades

Nakala rudufu haijiendeshi kwa urahisi hivyo. Kinachoweza kupakuliwa tena hakihitaji nakala. Folda ya `nyaraka` inaihitaji. Iumbize diski ya pili kwa ext4, ipachike kwenye `/mnt/akiba`, kisha uanze na jaribio lisiloandika chochote:

    sudo rsync -aH --dry-run -v /srv/hazina/nyaraka/ /mnt/akiba/nyaraka/

Alama ya mkwaju mwishoni mwa njia ya kwanza inamaanisha yaliyomo ndani ya folda. Ukiiondoa, utapata folda ya `nyaraka` ndani ya `nyaraka` nyingine. Orodha ikikuridhisha, ondoa `--dry-run` na urudie. Sikushauri uongeze `--delete` mapema, kwa sababu faili iliyofutwa kwa bahati mbaya kwenye seva itafutwa pia kwenye nakala.

Ukimaliza, chagua faili moja kutoka `/mnt/akiba/nyaraka`, inakili kwenye kompyuta yako na uifungue. Ikifunguka, andika `sudo umount /mnt/akiba`, chomoa diski hiyo, uiweke chumba kingine mbali na seva, na uirudishe wiki ijayo kwa nakala inayofuata.